Pikapu ya Kirua Imenyooka

Pasua, Moshi
Jumatatu, 23 Novemba 1953

Dada yangu mpenzi Mwanaasha,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute u mzima, wewe na shemeji Seleman na mpwa wangu Mwanajuma, ambaye Mama hunikumbusha kila siku kwamba sasa ana miaka saba na meno ya mbele yamemng'oka. Sisi huku, kwa rehema za Mungu, hatujambo. Goti la Mama la kushoto linamsumbua kila mvua zinapoanza, lakini ulimi wake u mzima kabisa: juzi amegombana na muuza mkaa mpaka yule bwana akamwongezea kopo la pili ili aondoke salama. Mke wangu Sophia anakuamkia. Kile kitambaa ulichomletea ameshakishona gauni, na amelivaa kwenye harusi mbili. Vuli imefika, vumbi la Pasua limekuwa tope, na mlima hatujauona siku ya nne leo.

Najua umeshangaa kupokea bahasha nene hivi kutoka kwangu, mimi niliyekuwa nikikuandikia mistari sita na kuishia hapo. Nina habari njema kubwa, na nina habari nyingine. Nitaanza na njema. Tafadhali usiruke kurasa, isome kwa mpangilio nilioiandika.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye banda langu la mabati, hapa nyuma ya nyumba, maana kama unavyojua tangu nilipotoka kwenye gereji ya Bwana Nanji nafanya kazi peke yangu. Wakaja watu wawili kutoka Kirua Vunjo. Mmoja ni mzee, jina lake Eliufoo, msimamizi wa mfereji wa maji wa kijiji chao, mtu mrefu, mpole, mwenye macho ya kupima kila kitu. Wa pili ni Anaeli, mtoto wa dada yake, aliyejifunza udereva jeshini wakati wa vita. Mzee alikataa kiti mpaka kwanza anieleze shida yake. Akasema familia saba za kwao zimeungana zikanunua pikapu kutoka kwa Mzungu mmoja mlima kahawa aliyekuwa anarudi Ulaya. Walitaka kuteremshia maziwa na ndizi mpaka soko la Moshi, na kahawa msimu ukifika, ili wanawake wao waache kutembea mwendo wa saa nne na mikungu kichwani. Gari lilipopanda Kirua mara ya kwanza, alisema, watu waliimba tangu barabara kuu mpaka kanisani.

Lakini gari lile lilikuwa na kilema. Injini nzima, breki nzima, ila bodi ya nyuma imekaa upande. Ukisimama nyuma yake unaona kona ya kulia imesogea mbele na ya kushoto imebaki nyuma. Kati ya kichwa cha gari na bodi, upande wa kushoto unapitisha kiganja kizima, na upande wa kulia hupitishi hata kidole. Wakipakia mzigo, wote unaegemea kulia, na madigadi ya kulia, lile bati la juu ya gurudumu, inashuka na kutafuna tairi. Walikuwa wamelipeleka kwa mafundi watatu. Wa kwanza aliipiga madigadi nyundo. Wa pili aliikata. Wa tatu alipachika vipande vya mbao chini ya bodi, kisha akawaambia watupe bodi yote watengeneze mpya, na uwezo huo hawakuwa nao.

Mwezi wa tisa ndipo balaa lilipotokea. Kuna kona kali juu ya kijito, ambapo barabara imechongwa kwenye ngema. Gari likiwa limejaa maziwa, madigadi ikaling'ang'ania tairi, mzigo wote ukalala kulia, na mama mmoja mjane aitwaye Ruth akarushwa juu ya mawe. Mkono wake ukavunjika kwenye kifundo. Madebe manne ya maziwa yakamwagika kijitoni, na waliokuwa wakichota maji chini wakaona maji meupe yanawajia. Tangu siku hiyo hakuna aliyekubali kupanda. Ruth naye ni mmoja wa wale wenye gari, na ndiye aliyesimama kikaoni akasema liuzwe kwa wanunua vyuma kabla halijaua mtu. Wengi walimuunga mkono. Mzee Eliufoo aliwaomba wampe mpaka Jumamosi ya wiki iliyofuata. Walimpa, lakini kwa shingo upande.

Nilimuuliza kwa nini amekuja kwangu, fundi wa banda, na si kwenye gereji kubwa. Akanijibu kwamba hizo kubwa wameshakwenda.

Basi Jumanne nikapanda basi mpaka njia panda, nikaubeba mkoba wa vyombo mgongoni, nikaukwea mlima kwa miguu. Gari lilikuwa limeegeshwa uani kwa Mzee Eliufoo, katikati ya migomba, kuku wanalala ndani yake. Kabla sijashika nyundo nilipima. Nilivuta uzi kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma, upande huu na upande ule: sawa. Nikapima chesisi, ile mifupa miwili mirefu ya chuma inayobeba gari zima: imenyooka kama reli. Nikavuta uzi juu ya bodi kutoka pembe hadi pembe: sawa pia, bodi yenyewe haikupinda. Mzee Eliufoo alikuwa amechuchumaa kando akifuata kila uzi kwa jicho, na kabla sijafungua kinywa akasema, "Kwa hiyo gari zima na bodi nzima, ila havijui kukaa pamoja." Ndivyo ilivyokuwa, dada. Ni kama mama mzima aliyembeba mtoto mzima, lakini kamfunga mbeleko upande. Hata atembee vizuri namna gani, ataonekana kiwete. Mafundi wote watatu walihangaika na nyuma, mahali palipouma. Hakuna aliyekwenda mbele, kwenye boriti la kwanza lililo nyuma ya kichwa cha gari, ambako bodi inafungwa na chesisi.

Nikajilaza chini ili nione boriti hilo. Nilipogeuza kichwa nikaona bawaba za mlango wa nyuma wa bodi, zimetengenezwa kwa mabaki ya chuma cha reli, ncha zake zimekunjwa mviringo kama jani changa la mgomba kabla halijafunguka. Mbali na shemeji, hakuna fundi Moshi nzima aliyekunja bawaba namna ile.

Ndiyo, dada. Ni gari lile lile.

Sina haja ya kukukumbusha, lakini niache niandike, maana sijapata kuandika. Mwaka wa arobaini na sita, shemeji alipokuwa fundi mkuu kwa Bwana Nanji na mimi mwanafunzi wake, yule Mzungu alileta pikapu iwekewe bodi mpya ya mbao. Baada ya wiki moja akarudi akifoka kwamba bodi imekaa upande na tairi jipya limeliwa. Bwana Nanji akamfukuza shemeji mbele ya wafanyakazi wote, akasema mtu asiyejua kupima asishike vyombo kwake. Mwezi haukuisha mkapanda treni kwenda Korogwe, wewe ukiwa na mimba ya Mwanajuma, ukaenda kujifungua kwa watu usiowajua, Mama akiwa huku. Na tangu hapo shemeji anagonga vitoroli vya mkonge. Uliniandikia kwamba hapendi tena kuitwa fundi. Barua ile ninayo.

Nilikaa chini ya gari muda mrefu. Anaeli akainama kuuliza kama nimeumia. Nikamwambia nawaza.

Jumatano tuliishusha bodi. Nati zilikuwa zimeshikana kwa kutu, nilikuwa nimezilowesha mafuta ya taa tangu jana yake, na mbili tulizikata kwa msumeno. Wakaja wanaume kumi na wawili kutoka mashambani, wakainyanyua bodi kwa neno moja la Kichagga ambalo sikulijua lakini mgongo wangu ulilielewa, wakailaza juu ya vigogo vya migomba. Chesisi ikabaki wazi. Matundu niliyaona mara moja. Upande wa kushoto tundu lilikuwa mahali pake. Upande wa kulia lilikuwa mbele ya mwenzake. Tundu moja, dada. Bolti moja imepita mahali pasipo pake, ikaivuta bodi nzima, na familia saba zikawa hazilali kwa amani.

Nikachukua kisu nikaanza kukwangua ile rangi nyeusi ya zamani upande wa kulia, nyuma kidogo ya tundu. Nilikwangua taratibu. Chini ya rangi zikatokea nukta mbili ndogo zilizogongwa kwenye chuma kwa ncha ya msumari mgumu, moja kubwa na moja ndogo, zimekaa jirani. Unakumbuka shemeji alivyokuwa akiweka alama zake? Nukta kubwa ni mahali pa kutoboa, ndogo ni kusema kwamba ni yeye aliyepima. Nikapima kutoka nukta ile mpaka tundu. Inchi mbili kamili. Nikapima kutoka nukta mpaka mstari wa tundu la kushoto. Sawasawa, hata unywele hauzidi.

Mwambie mumeo hivyo, dada, mwambie kwa sauti: alipima sawa. Alama yake imekaa chini ya rangi miaka saba ikisema kweli, na hakuna aliyeinama kuisikiliza.

Kazi ilikuwa ndefu lakini njia ilikuwa wazi, maana sikuwa na haja ya kubuni kitu. Nilifuata nukta za shemeji. Boriti la zamani lilikuwa limepasuka. Mzee Eliufoo akatoa ubao wa mringaringa aliokuwa ameukausha darini miaka minne kwa ajili ya mlango wa nyumba yake. Nikamwambia ni mzuri mno kwa kukaa chini ya gari. Akanijibu kwamba nyumba yake ina mlango, gari lao halina mgongo. Nikauchonga siku ile ile. Alhamisi tulitoboa chuma kwa keekee ya mkono, mimi nimeikandamiza kwa kifua na Anaeli anazungusha. Ilituchukua asubuhi nzima kulipata tundu moja, na jioni mbavu zangu zilikuwa na rangi ya zambarau. Tundu la zamani nililiziba kwa kipande cha bolti, nikakigonga huku na huku mpaka kikalala. Madigadi niliyoikuta imekatwa niliiunga kwa bati la debe, haina uzuri lakini ina heshima. Ijumaa, baada ya kusali peke yangu uani, tukairudisha bodi. Bolti ya kushoto ikaingia. Ya kulia ikaingia kwa kidole, dada, bila nyundo! Nikavuta uzi kutoka kichwa cha gari mpaka kwenye kona za nyuma, huku na huku, na Mzee Eliufoo akapima mwenyewe kwa fimbo yake ya kupimia mfereji. Akavua kofia. Akaenda nyuma ya ghala, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

Lakini kunyooka uani si kunyooka barabarani. Jumamosi asubuhi gari likapakiwa kahawa, ndizi na madebe ya maziwa, zaidi ya siku ile ya ajali, maana nilitaka lijaribiwe kweli. Watu wakajaa. Hakuna aliyepanda. Ruth akaja, mkono umefungwa shingoni kwa kanga, ni mama mfupi, mkavu, haongei ovyo. Akaniamkia kwa adabu, kisha akaniuliza nani atakaa kona ya nyuma kulia. Nikamwambia mimi. Nikapanda nikakaa pale pale aliporushwa yeye.

Anaeli akaondoa gari polepole, nusu ya kijiji ikafuata kwa miguu, na Ruth akiwa mbele ya wote, anatembea sambamba na gurudumu la kulia, jicho kwenye tairi. Tulipofika ile kona juu ya kijito nilisikia mzigo ukitulia chini yangu. Nikashika ubao kwa mikono miwili. Katikati kabisa ya kona, Ruth akapaza sauti: "Simama!" Anaeli akakanyaga breki. Yule mama akasogea ukingoni, akaupeleka mkono wake usiovunjika kati ya tairi na madigadi. Akaingiza kidole kimoja, akaongeza, akaongeza, mpaka vidole vyote vinne vikaingia vikiwa vimesimama wima. Akavitoa, akavitazama. Havikuwa na hata mkwaruzo. Kisha akainua mguu akaweka juu ya gurudumu, akanyoosha mkono kwangu, akasema, "Nivute, fundi."

Nilipomvuta, ngema nzima ililia vigelegele. Wanawake wengine wakamfuata, wakajazana juu ya ndizi mpaka ikabidi Mzee Eliufoo awateremshe baadhi kwa fimbo. Tuliteremka tukiimba nyimbo za kanisani ambazo mimi Mwislamu niliitikia kwa kupiga ubao. Gari lilikata kila kona limejiweka sawa kama mtu aliyelala vizuri. Tulipofika tambarare Anaeli akaachia usukani kwa makusudi, akainua mikono juu, na gari likaendelea moja kwa moja, na wanawake wakampigia kelele aushike huku wanacheka. Tukaingia Moshi mchana kweupe. Tukapita mbele ya mafundi wote watatu, na Anaeli akapiga honi kwa kila mmoja. Maziwa yalifika sokoni bila tone kumwagika. Mama alikuwa amekuja sokoni kununua dagaa, akaniona juu ya gari nimezungukwa na wanawake wanaimba, akadhani nimeoa mke wa pili.

Tuliporudi Kirua jioni ile walitaka kuchinja mbuzi. Wakakumbuka dini yangu, wakanipa kisu nichinje mwenyewe ili nile bila shaka. Wao wakanywa pombe yao ya mbege, mimi nikanywa maziwa na supu ya mtori. Mzee Eliufoo akasimama akawaambia watu kwamba mafundi watatu walishindwa, huyu mmoja ameweza. Akanitaka niseme neno. Nilichosema nitakuambia sasa, dada, na hapa ndipo habari njema inapokwisha na ile nyingine inapoanza. Kama shemeji yuko karibu mwite akae. Kama Mwanajuma anasikiliza, mtume dukani.

Lile tundu la kulia nililitoboa mimi.

Shemeji alikuwa amepima na kugonga alama zake pande zote mbili, akaniambia nitoboe, akaenda stesheni kuchukua vyuma. Kabla sijatoboa, mpakaji rangi alikuwa ameshapaka chesisi upande wa kulia, na nukta za huko zikafunikwa. Ningekwangua. Ningemsubiri. Lakini nilitaka akirudi akute kazi imekwisha, anisifu. Nikachukua ile futi ya mbao ya gereji, ambayo ncha yake ilikuwa imevunjika, inchi mbili za mwanzo hazipo. Shemeji alinionya mara mia kwamba ukipima kwa futi ile ukumbuke zile mbili. Upande wa kushoto sikuhitaji kupima, nukta zilionekana. Upande wa kulia nilipima, nikasahau. Nikatoboa. Bolti ilipogoma kuingia kwenye boriti, nililipanua tundu la mbao mpaka ikaingia.

Siku yule Mzungu alipokuja kufoka nilijua mara moja. Bwana Nanji alimuuliza shemeji ni nani aliyepima, naye akajibu kwamba ni yeye, na ilikuwa kweli. Hakuna aliyeuliza nani aliyetoboa. Shemeji alinitazama. Mimi nikatazama chini. Nilijiambia kwamba Mama anategemea mshahara wangu; kisha kwamba shemeji ni fundi hodari, atapata kazi popote; na ninyi mlipoondoka nikajiambia kwamba sasa imeshapita. Sikukaa kimya tu, dada. Nilipewa nafasi yake. Nilishika keekee yake na vyombo vyake, na watu wakaanza kuniita fundi kwa jina lililokuwa lake. Kwa Bwana Nanji niliondoka kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya ugomvi kama nilivyokuandikia.

Kama shemeji alijua, sijui. Siku alipokuwa akiondoka alinikabidhi mkoba wa vyombo, akaniambia niutunze. Nimeyageuza maneno yale kila upande kwa miaka saba. Muulize wewe.

Basi nilisimama pale Kirua, bakuli la mtori mkononi, nikawaambia watu wote: aliyelipotosha gari hili ni mimi, na aliyenionyesha pa kulinyoosha ni Seleman, mume wa dada yangu, aliyefukuzwa kwa kosa langu. Nyimbo zikakatika. Mzee Eliufoo akakaa. Ruth ndiye aliyekuja mbele yangu. Nilidhani atanipiga, na ningesimama anipige. Akauinua ule mkono uliofungwa, akaniuliza kama ninajua nani anamkamulia ng'ombe wake na nani anambebea madebe. Nikasema sijui. Akasema, "Kukamua nina binti. Kubeba utabeba wewe, kila siku ya soko, mpaka mfupa huu uunge." Mtu mmoja akaanza kucheka, kisha wote. Ruth hakucheka. Kwa hiyo kila Jumanne na Jumamosi mimi, fundi Zaidi, ninangoja pikapu ifike sokoni, ninashusha madebe ya Ruth na kuyapeleka mpaka kibandani kwake, naye ananifuata akinielekeza nisitikise. Watu wa Pasua wananitania. Sijapata kubeba mzigo mwepesi kama huo.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda kwa Bwana Nanji. Amezeeka, anaona kwa miwani miwili. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, mbele ya wafanyakazi, mahali pale pale alipomfukuza shemeji. Nilitegemea anifukuze hata kama si mfanyakazi wake. Badala yake akasema kwamba siku ile hata yeye alikuwa na futi mkononi, na hakuinama kupima. Akaagiza kalamu. Barua aliyoandika imo humu ndani ya bahasha hii, ina muhuri wake, inasema kwamba Seleman alifukuzwa bila kosa na kwamba kazi yake ilikuwa sahihi. Alinisomea mara mbili kuhakikisha nimeridhika. Mwanajuma akijua kusoma vizuri, msomee na yeye.

Kuna jambo moja zaidi. Tangu pikapu ya Kirua ianze kushuka na kupanda, watu wa Mamba na Kilema wamekuja kwa Mzee Eliufoo kuuliza fundi ni nani. Wananunua magari na wao, na wanataka bodi. Kuna nne zinazongoja. Nimewaambia sitazishika peke yangu, kwamba fundi mkuu yuko Korogwe, na wamekubali kungoja mpaka baada ya Krismasi. Banda nimeliongeza mabati mawili. Simwombi shemeji arudi kwa ajili yangu. Kama hataki kuniona uso, nitahama mimi na banda nitamwachia, kwa kuwa kazi hii ni yake. Lakini gari likiwa na mzigo kwenye kona ya kijito, natamani aone mwenyewe linavyojiweka.

Sikuombi unisamehe katika jibu la barua hii. Nikasirikie kwanza, una haki ya miaka saba. Ukitaka kunilaani, nilaani kwa lugha ya nyumbani nikuelewe vizuri. Ila usininyamazie, dada, maana mimi ndiye ninayejua kimya kinavyomla mtu.

Nifikishie salamu zangu kwa shemeji, kwa heshima zote. Mbusu Mwanajuma kwenye pengo lake. Sophia na majirani wote wa Pasua wanawasalimu, na Mzee Eliufoo ameniagiza niandike jina lake humu ili shemeji ajue kuna mtu Kirua anayemwombea kila Jumapili bila kumjua. Mama nilimwambia yote jana. Alilia, akanipiga kofi moja, kisha akanipikia wali. Sasa hivi ninapoandika ameketi mlangoni, amevaa buibui na viatu, goti na yote, ananingoja nimalize. Anasema barua hii ataipeleka posta yeye mwenyewe, kwa sababu amepekua kabati langu akakuta nyingine tatu za namna hii, za miaka iliyopita, zimefungwa, zina stempu, hazikutumwa.

Anagonga fimbo. Nampa.

Mdogo wako,
Zaidi